Baridi ya Julai: kwa nini Langstroth zinalowa ndani na KTBH zinabaki kavu?

mizinga_sita

Habari zenu wafugaji. Nina mizinga sita upande wa Kikuyu, kwenye shamba linaloteremka kuelekea kinamasi cha Ondiri. Minne ni Langstroth (mizinga ya visanduku) ya fremu kumi, miwili ni KTBH, ile ya Kenya yenye mbao za juu badala ya fremu. Nyuki ni hawa wetu wa kawaida, waliingia wenyewe.

Kati ya Juni na Agosti mwaka jana nyuki walihama kwenye Langstroth mbili. Siafu hawakuonekana, nyegere hakuja. Walichoacha ni fremu za pembeni zenye ukungu wa kijivu, majana (nyuki wachanga) machache yaliyofia vijumbani, matone ya maji upande wa ndani wa kifuniko, na asali isiyojaa kikombe. KTBH zote mbili zilivuka bila shida, na ziko hatua kumi tu kutoka hapo.

Muundo ni huu: kila Langstroth ina kisanduku cha majana na supa moja (kisanduku cha asali) juu yake mwaka mzima. Kifuniko ni plaiwudi nyembamba iliyopigiliwa bati moja kwa moja. Mlango uko wazi upana wote. Zile mbili zilizohamwa zina sakafu ya wavu, niliuziwa kama ndiyo ya kisasa.

Video ninazopata ni za Canada na Uingereza. Mmoja anafunga mzinga kama mtoto mchanga, mwingine anatoboa tundu juu, wa tatu anasema acha sakafu wazi. Sasa ni mwisho wa Mei. Nifuate lipi?

---

chavua_kwanza

Usifuate hata mmoja kabla ya kujua nyuki wako wanafanya nini usiku, maana si kile wanachofanya wale wa Canada.

Kule nyuki hukaa wiki nyingi bila majana. Hewa ikishuka chini ya 14°C hivi, wanajikusanya kama mpira, na kwa kuwa hakuna mtoto wa kulea, katikati ya mpira wanaweza kuacha joto lishuke hadi kwenye nyuzi 20 hivi. Vibarua wa msimu huo wamenona na huishi miezi, si zile wiki sita za kawaida. Hapa malkia hupunguza kutaga Julai lakini haachi kabisa. Palipo na majana lazima pawe 34 hadi 35°C, usiku na mchana. Usiku wa nyuzi 10 hapo Kikuyu, kundi lako linabeba tofauti ya nyuzi 25, likiwa limepungua, na nje hakuna mbochi (maji matamu ya maua). Kwa maneno mengine, baridi yetu ni ndogo lakini mzigo kwa kila nyuki si mdogo.

Sasa maji. Hayo matone hayakutoka kwenye mvua. Kilo moja ya asali ikiliwa na nyuki huacha takriban gramu 670 za maji: sehemu ni yale yaliyokuwa ndani ya asali tangu mwanzo, na yanayobaki hutokana na sukari yenyewe inapochomwa mwilini. Ongeza mbochi mbichi ya mwisho wa mvua ya masika, ambayo zaidi ya nusu yake ni maji, na lazima ikaushwe hadi chini ya asilimia 20. Mvuke wote huo unapanda na hewa ya moto na kukutana na kifuniko.

Piga hesabu ya kifuniko chako. Hewa ya 30°C yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kugeuka matone kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 21 hivi. Plaiwudi ya milimita 6 yenye bati juu yake, nje kukiwa 10°C, uso wake wa ndani unafika karibu 19 au 20. Na usiku usio na mawingu bati hupoa hata kuliko hewa. Lazima litoke jasho. Weka polistirini (povu gumu jeupe) ya milimita 25 kati ya plaiwudi na bati, uso wa ndani unapanda hadi karibu 28 na joto linalopotea hapo juu linashuka hadi kama moja ya tano. Mvuke ni uleule, nyuki ni walewale, lakini tone halipatikani.

Ndiyo maana KTBH zako zilibaki kavu. Mbao za juu zikibanana vizuri huwa dari nzima ya mbao nene, halafu kuna nafasi ya hewa, halafu ndipo bati. Hewa ya moto inanaswa kati ya sega na sega. Kwenye Langstroth kuna nafasi ya milimita 6 hadi 9 juu ya fremu zote, hewa ya moto inatoka kwenye kundi na kutembea hadi pembeni, inapoa, inalowesha fremu za mwisho. Ukungu wako uko hasa pale ulipotarajiwa.

---

fundi_saiprasi

Naunga mkono, na niongeze upande wa seremala.

Kifuniko kwanza, maana hapo ndipo pesa yako ifanye kazi. Tengeneza fremu ya mbao yenye kina cha milimita 50, iingie juu ya kisanduku ikiwa na nafasi ya milimita 5 kila upande isije ikakwama ikivimba kwa maji. Ndani piga plaiwudi ya milimita 6. Juu yake laza polistirini ya milimita 25, ile nyeupe ya kufungia televisheni inatosha, kata kwa kisu cha moto ikae bila mwanya. Funika na plaiwudi nyingine, kisha bati lililokunjwa kingo, litokeze sentimita 5 pande zote. Polistirini isionekane popote. Nyuki huitafuna na sisimizi hutaga ndani yake. Ukiona unga mweupe mlangoni ujue kuna mwanya.

Usipopata polistirini, maranda makavu ya randa, sentimita 5, ndani ya gunia lililoshonwa, hufanya kazi karibu sawa. Neno kubwa hapo ni *makavu*. Maranda yakilowa yanakuwa kitambaa cha maji baridi juu ya vichwa vya nyuki, na hapo afadhali bati tupu.

Pili, vipimo vya KTBH. Usiruhusu fundi akukatie mbao za juu kwa kukadiria. Upana ni milimita 32 kwa nyuki wetu, si 35 za nyuki wa Ulaya, na urefu sentimita 48 ili zikae hata kwenye Langstroth. Zikiwa 34 au 35, nyuki huanza kujenga sega inayovuka kutoka ubao hadi ubao, unapofungua unararua sega mbili kwa mpigo. Zikiwa sawa lakini zimepinda kwa sababu mbao ilikuwa mbichi, zinaacha nyufa, na dari ile anayoisifu chavua_kwanza inakuwa chujio. Saiprasi iliyokauka walau miezi mitatu chini ya paa. Ukiona ufa, nyuki wataziba kwa gundi yao, lakini kazi hiyo wanailipia kwa asali.

Ukuta wa Langstroth ukinunua mbao ya inchi moja na kupiga randa unabaki na milimita 20 au 22. Inatosha kwa Nairobi. Nimeona visanduku sokoni vya milimita 15; hivyo hupinda msimu wa kwanza na kona zikafunguka. Mwatu (mzinga wa gogo) wa wazee wetu una ukuta mnene mara mbili au tatu ya huo, na haukuwa ujinga. Derek Mitchell wa Chuo Kikuu cha Leeds alipima jambo hilo mwaka 2016: mizinga ya mbao nyembamba inayotumika sana hupoteza joto takriban mara nne hadi saba kuliko pango la nyuki ndani ya mti.

Sakafu ya wavu: ilibuniwa ili utitiri wa varoa, vidudu vinavyonyonya nyuki, udondoke chini. Varoa ilitambuliwa Kenya mwaka 2009, lakini nyuki wetu wanaimudu vizuri kuliko wa Ulaya, kwa hiyo faida ya wavu hapa ni ndogo na hasara ya Julai unaijua. Telezesha kipande cha plaiwudi chini yake kuanzia sasa hadi Septemba.

---

asali_mbichi_Ngong

Samahani, sikubaliani na kufunga kila kitu. Mvuke usipotolewa utaenda wapi? Toboa tundu la milimita 10 juu, chini kidogo ya kifuniko, upande usiopigwa na upepo. Hewa yenye maji inatoka yenyewe. Kila mwongozo wa nchi za baridi unasema hivyo.

---

chavua_kwanza

@asali_mbichi_Ngong mwongozo hauna kosa, umetoka tu mahali pengine. Hewa ya nje Canada ikiwa -10°C hubeba gramu mbili na kitu za maji kwa kila mita ya ujazo. Julai yetu, asubuhi ya ukungu, nyuzi 12 na hewa imeshiba, hubeba karibu gramu 11. Bado itakausha ikipashwa moto, ndiyo, maana hewa ya 30°C inaweza kubeba 30. Lakini anayeipasha ni nyuki, kwa asali. Tundu la juu na mlango wa chini pamoja ni dohani: joto linapanda na kutoka usiku kucha.

Kule wanakubali gharama hiyo kwa sababu nyuki hawana majana na maji yakidondoka juu ya mpira wa nyuki yanaua. Sisi tuna majana ya kuweka kwenye 35. Halafu nyuki wetu wenyewe wanakujibu: toboa tundu Mei, Julai utalikuta limezibwa kwa gundi, au limebaki upenyo wa nyuki mmoja. Wakiliacha wazi wana sababu, basi liache.

Ambapo nakubaliana nawe: kama mtu hana uwezo wa kubadilisha kifuniko msimu huu, tundu dogo chini ya ukingo wa paa ni afadhali kuliko jasho. Ni dawa ya paa bovu. Ukitengeneza paa huihitaji.

---

asali_mbichi_Ngong

Hilo la gundi ni kweli, yangu yamezibwa yote. Lakini bado ningetaka mlango mpana chini.

---

supa_ishuke

Mnaongea juu ya paa na hakuna aliyegusa kosa kubwa zaidi kwenye swali. Supa mwaka mzima!

Kisanduku kimoja kirefu cha Langstroth kina lita 42 hivi. Ukiongeza supa ya kimo hichohicho unafika 84. Kundi la Julai linafunika fremu tano au sita. Joto lao linapanda kwenda kupasha chumba kisicho na mtu. Pia sega tupu zisizolindwa ndizo shule ya nondo wa nta na mbawakawa wadogo wa mzinga; funza wakishaanza kuchimba na kuvundisha asali, nyuki wetu hawapigani sana, wanahama. Mfugaji anasema baridi imewafukuza, kumbe walifukuzwa na nyumba kubwa.

Fanya hivi siku kavu, kati ya saa sita na saa tisa mchana, au jioni kama majirani wako karibu. Usifungue wakati wa manyunyu wala hewa ikiwa chini ya nyuzi 16, majana yanapoa haraka na sega ikishapoa usitarajie shukrani. Ondoa supa. Kwenye kisanduku cha majana hesabu fremu zilizofunikwa na nyuki pande zote mbili. Acha hizo, weka fremu za asali pembeni yake, kisha simamisha ubao wa kugawa: plaiwudi yenye ukubwa wa fremu, ikigusa kuta mbili, ikiacha milimita 8 chini. Fremu tupu zitoe kabisa. KTBH ni rahisi zaidi, unasogeza ubao tu. Hiyo nayo ni sababu ya zako kuvuka, chumba kilikuwa cha kiasi chao.

Mlango: sentimita 8 hadi 10 upana, milimita 8 kimo, uwe chini. Dume anapita, yule nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni hapiti. Ndugu wa Ngong, mlango mpana unahitaji walinzi wengi, na Julai hawapo. Wezi kutoka mzinga wa jirani ndio watakaoutumia.

Kisha chakula. Fremu ndefu iliyofunikwa nta pande zote ina kilo 2.5 hadi 3 za asali. Bakiza tatu au nne kwa kila mzinga kabla Juni haijakolea, au sega nne hadi tano kwenye KTBH. Anayekamua yote Mei kisha anunue sukari Julai amebadilisha asali kwa sukari na hasara ya kundi juu. Kama huna la kufanya: kilo 2 za sukari nyeupe kwa lita 1 ya maji moto yaliyokwisha kutolewa jikoni, koroga hadi ing'ae, usiichemshe ikaungua. Si kilo moja kwa lita moja, ile nyepesi ni ya kuchochea malkia na inaongeza maji unayojaribu kuyatoa. Sukari nguru usiguse, inawaharisha. Nusu lita jioni, mara mbili au tatu kwa wiki, ndani ya chupa yenye mfuniko uliotobolewa kwa msumari mwembamba matundu sita au saba, igeuzwe mdomo chini juu ya fremu ndani ya kisanduku kitupu kilichofunikwa. Kwenye KTBH chupa ikae nyuma ya ubao. Tone moja likimwagika nje utaanzisha vita.

Na kama una mizani ya ndoano, inua upande mmoja wa mzinga sentimita moja, soma, kisha upande wa pili, jumlisha. Andika. Namba hiyo ikishuka kilo 2 kwa wiki huhitaji kufungua ujue nini kinatokea.

---

mizinga_sita

Asanteni sana. Nimepima leo mchana kwa mizani ya ndoano: Langstroth mbili zenye nyuki ni kilo 31 na 34 pamoja na supa, ambayo ni tupu. Nimetoa supa, nikakuta fremu sita zenye nyuki kwenye moja, tano kwenye nyingine, na asali fremu mbili mbili. Vifuniko fundi anaanza Jumamosi.

Maswali mawili. Mizinga inaangalia kusini kuelekea kinamasi, niigeuze? Na ile miwili mitupu niiache wazi inase nyuki wapya Agosti?

---

fundi_saiprasi

Kugeuza, ndiyo, lakini usigeuze mara moja, nyuki wakirudi watatafuta mlango hewani. Zungusha pembe ya nyuzi 30 hivi kila baada ya siku mbili tatu za jua. Elekeza kaskazini-mashariki. Mwezi wa sita na wa saba jua liko upande wa kaskazini kwetu, huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki na hata saa sita liko kaskazini. Mlango unaotazama kusini haupati mwale wakati mnauhitaji zaidi. Panda au simamisha ua upande wa kusini na kusini-mashariki, kimo cha mita moja na nusu, usiwe karibu zaidi ya mita mbili.

Kinamasi ndilo tatizo lako la pili. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kulala chini kama maji. Kama shamba linaruhusu, panda nayo mteremko mita 20 au 30. Si lazima yote leo. Kuhamisha kwa umbali mfupi kuna kanuni zake, na Juni si mwezi wake. Anza na ile mitupu.

Stendi sentimita 60 au zaidi kutoka ardhini, miguu ndani ya makopo yenye oili chafu au ipakwe grisi, na nyasi zikatwe zisiguse. Mzinga uiname mbele kidogo, sentimita moja inatosha, maji ya sakafuni yatoke mlangoni. KTBH unayoning'iniza kwa waya huwa inainama upande wowote inaotaka, pima kwa timazi ya maji. Sega zikijengwa kwenye mzinga uliolala upande, zitaungana na ukuta.

---

supa_ishuke

Hiyo mitupu usiache na masega yenye ukungu. Sega yenye ukungu kidogo tu na iliyo nyepesi nyuki wataisafisha wenyewe, kwa hiyo chagua moja au mbili safi zaidi uziache kama chambo. Nyeusi na nzito yeyusha nta. Kwangua kuta, pitisha moto wa karatasi ndani hadi mbao ibadilike rangi kidogo, paka nta ya moto kwenye kona na mlangoni. Masega usiyotumia yaning'inize penye mwanga na upepo, nondo wa nta hapendi vyote viwili.

Asali fremu mbili mbili ni kidogo. Anza sukari wiki hii kwa mzinga wa fremu tano, usingoje Julai, kukausha kunawachosha zaidi kadiri hewa inavyopoa.

---

chavua_kwanza

Kuhusu kujua kama kifuniko kipya kinafanya kazi: usivunje gundi. Juu ya fremu weka gunia la katani lililokunjwa mara moja, halafu kifuniko. Wiki ya pili ya Julai, saa saba mchana, pumzi mbili za moshi mlangoni, nyanyua kifuniko peke yake na upitishe kiganja upande wa ndani, hasa kona nne. Katikati pakiwa pakavu na kona zikiwa na unyevu, polistirini haikufika kingoni. Mwite fundi aongeze vipande. Kote kukiwa na maji, kuna ufa unaoingiza hewa baridi, mara nyingi pale kifuniko kinapokaa juu ya kisanduku. Kukiwa kukavu kote, rudisha kifuniko na usiwafungue tena hadi mikaratusi ianze kutoa maua.